Safari ya Kutazama Safari

 Jioni hii nataka kuwasimulia habari za siku moja tu, Jumamosi tarehe 24 Juni mwaka 2023, ambapo mimi na mke wangu tulikwenda kutazama mashindano ya motokaa katika nchi ya Kenya.

Sisi ni wenyeji wa Tabora. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule hata nikastaafu, na mke wangu hulima karanga na kuuza asali. Hatuna motokaa. Tunayo baiskeli moja, nayo imekwisha kuwa mali ya mjukuu. Basi bila shaka mtaniuliza: Wazee wawili wasio na gari, wakaao mbali na Kenya mwendo wa siku mbili kwa basi, walitafuta nini katika vumbi la watu wengine? Ni swali zuri, na mimi mwenyewe nililiuliza kwa sauti kubwa nyumbani kwangu, wala sikupata jibu upesi.

Asili yake ni baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa utingo wa lori, kisha akawa dereva, akichukua tumbaku na karanga katika barabara za nchi yetu wakati barabara zilipokuwa matope nusu ya mwaka na vumbi nusu ya pili. Mzee yule hakupenda ngoma wala pombe. Alipenda jambo moja tu, nalo ni mashindano yale ya motokaa yaliyoitwa Safari. Yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Baadaye yalikuwa yakifanyika siku za Pasaka, wakati wa mvua nyingi, na watu wakasema kwamba waliyapanga makusudi ili matope nayo yapate nafasi ya kushindana.

Pasaka ilipofika, mzee alikaa karibu na redio yake ya betri. Kila jina la dereva lilipotajwa aliliandika kwa mkaa katika ukuta wa jikoni, na dereva aliyeharibikiwa alimpiga mstari. Mke wangu wakati ule alikuwa mtoto wa miaka kumi, na kazi yake ilikuwa kumshikia baba yake taa. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, katika Peugeot 404, gari tuliloliita Pijo. Na watu wa kwetu walijiona wameshinda wao wenyewe, hata wale ambao hawajapata kukaa ndani ya Pijo isipokuwa kwa nauli. Mwaka 1968 ukuta ulijaa mistari, maana katika magari zaidi ya tisini yaliyotoka, yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mama wa nyumba hakuufurahia ukuta ule, lakini hakuupaka chokaa mpaka Pasaka ya pili.

Mzee alimwahidi binti yake, "Pasaka moja nitakupeleka Babati uyaone yakipita kwa macho yako." Ahadi hiyo haikutimia. Mwaka mmoja lori lilikuwa bovu, mwaka wa pili fedha hazikuwapo, kisha mashindano yenyewe katikati ya miaka ya 1970 yakabaki ndani ya Kenya peke yake, na mzee akafa. Kwa muda mrefu mke wangu hakulitaja jambo hilo. Tukalea watoto, tukazeeka.

Basi mwaka 2022 macho yake yalianza kumsumbua. Tulikwenda hospitali, na mganga akatwambia kwamba ni presha ya macho. Ugonjwa huu hula kuona kwa pembeni kwanza, polepole, bila maumivu, hata mgonjwa hajui ameibiwa mpaka mwizi amekwisha kuchukua vingi. Dawa ya matone huzuia usizidi, lakini kilichopotea hakirudi. Leo mke wangu huona mbele yake kama mtu achunguliaye katika mwanzi: kilicho katika tundu hukiona vizuri, na kilicho kando hakipo. (Ninyi wenye wazazi wazee, wapelekeni wakapimwe macho kabla hawajaanza kujigonga milangoni. Sisi tulichelewa.)

Mwezi wa tatu mwaka 2023 aliniambia, "Mwalimu, ninazo fedha za asali. Nataka kwenda Kenya kuyaona magari ya baba."

Nikamjibu kwamba bati la jikoni limetoboka. Nikamwambia pia lile lililonitia hofu zaidi: mtu asiyeona pembeni haendi kusimama kando ya njia ya magari yapitayo kwa kasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo desturi yake, kisha akasema, "Bati litavuja mwaka huu na mwaka ujao. Macho yangu sijui kama yana mwaka ujao." Siku tatu tukasalimiana tu. Siku ya nne nilikwenda kuulizia nauli.

Sasa nitaacha habari zetu kidogo niseme juu ya neno lenyewe, maana sisi watu wa Tabora tunayo haki ya kulisemea. Siku hizi mtu wa Ulaya akisikia "safari" hufikiri simba na kamera, au hufikiri mashindano haya. Lakini kabla ya motokaa ya kwanza kuonekana katika nchi hizi, safari ilikuwa mambo ya miguu, na kitovu chake kilikuwa hapa petu Unyanyembe. Misafara ilitoka Bagamoyo na mahali pengine pa pwani, ikapita Ugogo ikilipa hongo, ikafika Tabora, na hapa njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji, moja kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo mmoja ulikuwa kadiri ya ratili sitini au sabini, juu ya bega au kichwani, na kijana ambaye hajapata kwenda pwani alionekana bado ni mtoto. Mwingereza Burton alifika hapa tarehe 7 Novemba mwaka 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka 1871 akaingia Unyanyembe mwezi wa Juni, na hiyo ilihesabiwa kuwa mwendo wa mbio. Leo gari moshi kutoka Dar es Salaam hupita usiku mmoja na kitu, na abiria hunung'unika likichelewa saa mbili.

Katika kitabu chake Burton ameandika jambo ambalo hunichekesha kila nilikumbukapo. Anasema kwamba katika msafara kirangozi ndiye atanguliaye, na mpagazi yeyote akimpita mbele alitozwa faini. Walimnyang'anya mshale mmoja katika podo lake, uwe ushahidi, akaukomboe jioni kambini. Yaani kwa babu zetu kumpita aliyetangulia lilikuwa kosa. Tena anasema kwamba misafara miwili ikikutana katika njia nyembamba, makirangozi walirukiana wakagongana vichwa kama kondoo dume, na wapagazi nyuma yao vivyo hivyo, hata mgeni angedhani ni vita; kumbe ni mchezo, nao ulikwisha kwa kicheko, na wanyonge wakawapisha wenye nguvu. Nilimsimulia mke wangu mambo hayo katika basi, tukacheka sana, na abiria wa mbele akageuka kutazama wazee gani hawa.

Basi, tulitoka Tabora alfajiri, tukapita Nzega na Shinyanga, tukalala Mwanza. Siku ya pili tukavuka mpaka pale Sirari. Hongo haikuwapo, mihuri tu, na kubadili fedha. Kisha Kisii yenye migomba, kisha Kericho, na hapo mke wangu alinyamaza kwa muda mrefu, maana mashamba ya chai yalijaa mbele yake kwa namna ambayo hata katika mwanzi wake yaliingia. Usiku tukafika Nakuru. Binti wa ndugu yangu ameolewa huko, naye alitupokea kwa maji ya moto na ugali, akasema, "Baba mkubwa, kweli mmekuja kwa ajili ya magari?" Nikamwambia amwulize mama yake mkubwa.

Jumamosi tuliamka giza lingaliko. Mume wa binti alitupeleka kwa gari la abiria mpaka Soysambu, kandokando ya ziwa Elementaita. Pale pana ziwa lenye maji ya magadi, na heroe wamesimama ndani yake kama mstari wa rangi ya waridi. Ng'ambo yake kipo kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, paji la uso na pua na kifua, ambacho kwa Kiingereza hukiita Askari Aliyelala. Baridi ilikuwa kali. Watu walikwisha kufika maelfu: vijana wenye bendera, mabwana waliokuja na viti vyao na majiko ya kuchomea nyama, akina mama wenye birika za chai na mahindi, watoto waliopanda juu ya miti, na Wamasai wenye mashuka yao wakitazama yote kwa utulivu kama watu wenye nyumba wanaotazama wageni. Wasimamizi walikuwa wamefunga utepe, wakipiga filimbi kila mtu alipouvuka.

Nilikuwa nimetazamia kuona magari yote pamoja, bega kwa bega, kama farasi. Nikamwuliza mke wangu, "Wengine watatoka wapi?" Akanicheka. Akanieleza mambo aliyofundishwa na baba yake akiwa ameshika taa, nami nitawaeleza ninyi vile vile.

Mashindano haya si ya gari na gari. Ni ya gari na saa. Njia hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa wasipite watu wengine. Gari moja huondoka peke yake, dakika chache hupita, kisha huondoka la pili. Karani wa saa huandika kila gari lilivyokwenda, si kwa dakika tu bali kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na jumla ya vipande vyote ndiyo hukumu. Mwaka ule vipande vilikuwa 19, na jumla yake zaidi ya kilomita 350, mbali na mwendo wa kawaida kati ya kipande na kipande. Zamani za mzee ilikuwa kiasi cha kilomita 5,000, mchana na usiku, katika barabara ambazo hazikufungwa, ukakutana na ng'ombe, na basi, na mtu mwenye baiskeli na kuni zake. Mke wangu anaona kwamba yale ya zamani yalikuwa mashindano kweli, na haya ni mfano wake. Mimi niliyemwona mtu akigongwa na lori naona afadhali kufungwa.

Na katika kila gari wamo watu wawili. Mmoja huendesha, wa pili husoma. Kabla ya siku yenyewe huruhusiwa kupita njia ile mara mbili kwa mwendo wa polepole, wakiandika daftarini kila kona, kila jiwe, kila bonde. Siku ya mashindano dereva hana wakati wa kufikiri; husikia sauti ya mwenzake masikioni, naye huamini. Akiambiwa kwamba nyuma ya kilima njia yapinda kushoto, huruka kilima kwa kasi yote, ingawa haoni kitu ila mbingu. Nilipoelezwa hivyo nilimwambia mke wangu kwamba huyo msomaji ndiye kirangozi. Akasema, "Lakini huyu amekaa."

Jambo jingine nililojifunza: siku ile ya Jumamosi, katika madereva wakubwa, yule aliye mbele kwa hesabu huondoka nyuma ya wenzake. Mimi niliona ni dhuluma, lakini ni faida, kwa sababu magari ya kwanza huifagia njia mchanga na vijiwe, na wa mwisho hupata njia ngumu yenye kushika magurudumu. Hapo Naivasha na Soysambu vumbi ni laini kama unga wa muhogo, na mahali pengine hufika nusu ya gurudumu. Chini yake mawe yamejificha. Mwaka 2021, mashindano yaliporudi katika daraja ya dunia baada ya miaka 19, Mbelgiji Thierry Neuville alikuwa mbele mpaka siku ya mwisho, na ushindi ulikuwa karibu mkononi. Kisha gari lake likavunjika kifaa cha nyuma cha kuzuia mishtuko, akaondoka mikono mitupu. Mfaransa Sébastien Ogier akashinda.

Tulisimama juu ya kingo ya udongo, nyuma ya utepe, mahali mume wa binti alipopachagua kwa kuwa palikuwa juu na mbali kidogo na kona. Akatuonya tusisimame upande wa nje wa kona kamwe, maana gari likishindwa kupinda huenda huko. Akatuonya pia tusikae chini wala tusigeuze mgongo. Nilimshika mke wangu mkono wa kulia. Kwanza ilikuja helikopta. Kisha tukasikia sauti.

Mabwana na mabibi, siwezi kuwafanyia sauti ile katika redio. Haikuwa ngurumo ya lori. Ilikuwa kama kitambaa kikubwa kinachopasuliwa, kisha kikakatika kwa mishindo midogo midogo kama bunduki, kikapasuliwa tena. Magari haya ya daraja ya kwanza mwaka ule yalikuwa na injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, na nguvu zake zote pamoja zilipita farasi 500. Nilimwambia mke wangu, "Linatoka kushoto. Bado. Bado. Sasa litazame lile jiwe jeupe." Akaelekeza macho yake kwenye jiwe jeupe, na gari likapita hapo hapo, likateleza ubavu ubavu, likatupa udongo, likaenda. Yalikuwa kama mapigo mawili ya moyo.

"Nimeliona," akasema. "Ni jeupe na jekundu."

Hivyo tukapata njia ya kufanya. Mimi nilikuwa nikitazama mbali, nikamhesabia. Yeye akangoja kwenye jiwe lake. Akaona Hyundai, akaona Ford, akaona Toyota. Nikamsomea namba za ubavuni. Alitaka hasa kuliona gari la mtu aliye mbele, na huyo alikuwa Ogier, namba 17, ambaye kwa desturi niliyoieleza alikuwa wa mwisho katika wakubwa.

Hapa sasa lazima nikiri kosa langu. Ogier alipotokea, watu wote walipiga kelele, na mimi mzee wa miaka sabini nikapiga kelele pamoja nao, nikainua mikono yote miwili juu. Gari likapita. Vumbi likatufunika, vumbi zito, huoni hata vidole vyako. Watu wa nyuma walisukumana mbele ili waone mkia wake. Nilikohoa, nikafumba macho, na nilipoyafumbua mke wangu hakuwapo.

Nikamwita. Kila mtu alikuwa akiita. Nikatazama chini ya kingo, kule njiani, nikaona watu wamevuka utepe, vivuli tu katika vumbi, na msimamizi mmoja akipiga filimbi bila kukoma. Nilijua kwamba magari ya daraja ya pili yalikuwa bado, na kwamba kati ya gari na gari ni dakika chache. Nilijua pia kwamba yeye akiwa njiani hataona linalomjia kutoka ubavuni, na katika kelele zile hatajua sauti yatoka wapi. Nikateremka kingo kwa makalio, kanzu ikapasuka. Mume wa binti akateremka upande wa pili. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na mimi nimeuacha mkono kwa ajili ya Mfaransa!

Msimamizi alinikamata bega akanirudisha nyuma kwa nguvu, nikamweleza kwa Kiswahili cha haraka haraka, naye akasema katika simu yake ya upepo maneno ambayo sikuyasikia. Mara sauti ya gari jingine ikaanza mbali. Nikasema moyoni, basi.

Hata vumbi lilipotua kidogo, niliona kitambaa cha kichwa cha kitenge cha manjano, si njiani bali nyuma kabisa, mahali pa birika za chai. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, na bibi mmoja Mkikuyu, mzee kama yeye, amemshika kiko cha mkono kwa mikono yake miwili. Watu waliposukumana, bibi yule alimwona akipapasa hewa, akafahamu mara moja, akamvuta nyuma. Baadaye alituambia kwamba mama yake mzazi aliishiwa macho vivyo hivyo. Hakutaka fedha ila bei ya chai. Nilimpa heshima zote nizijuazo, za Kinyamwezi na za Kiswahili, na tukamwachia chupa ya asali tuliyokuwa tumemletea mwenyeji wetu Nakuru.

Nilidhani mke wangu atanilaumu. Nilikuwa tayari kulaumiwa, pengine ningefurahi. Alinywa chai yake, akauliza, "Lilikuwa namba 17?"

"Ndilo," nikasema.

"Nalo sikuliona. Vumbi liliwahi."

Nikamwambia twende nyumbani. Akakataa. Akasema kwamba magari madogo yamebaki, na ndani yake wamo vijana wa Kenya wenyewe, na baba yake asingeondoka kabla ya gari la mwisho, kwa kuwa alipenda kuwaandika hata walio nyuma. Basi tukakaa pale pale penye birika, mbali na kingo, mke wangu katikati, bibi wa Kikuyu upande mmoja na mimi upande wa pili. Kutoka pale hatukuona gari hata moja sawasawa. Tuliona vumbi likipanda juu ya miti, na tulisikia. Nikagundua jambo ambalo ningepaswa kulijua zamani, kwamba yeye hutambua kwa sikio. Alisema, "Huyu ameogopa kona." "Huyu gia imemkwama." "Huyu ni hodari, lakini gari lake ni dhaifu." Vijana waliokuwa karibu wakaanza kumsikiliza, mmoja akaangalia katika simu yake saa za kila dereva, akasema, "Shosho, kweli, huyo amepoteza sekunde nyingi pale pale!" Mpaka saa sita mchana alikuwa na wanafunzi kama wanane.

Jumapili hatukurudi. Nilisema kwamba kanzu haina ukarabati, naye akasema imetosha. Tulikaa Nakuru, tukasikiliza redio, na yeye alikuwa ameketi karibu nayo kama alivyoketi zamani, ila sasa taa haikuhitajika. Alasiri matokeo yakatangazwa: Ogier wa kwanza, na msomaji wake Vincent Landais, wa pili kijana wa Finland, Kalle Rovanperä, na msomaji wake Jonne Halttunen, wa tatu Elfyn Evans wa Wales, wa nne Mjapani Takamoto Katsuta, wote wanne katika Toyota. Kati ya wa kwanza na wa pili, baada ya siku nne na kilomita zote zile, ilikuwa sekunde 6 na nukta 7. Nilimwambia mke wangu kwamba Burton kwa sekunde hizo asingemaliza kuvaa kiatu kimoja. Hakunijibu, alikuwa akiyarudia majina midomoni asiyasahau.

Tulirudi kwa njia ile ile, Kericho, Kisii, Sirari, Mwanza. Tulipofika Tabora ilikuwa jioni, na miembe ya mjini imejaa kunguru. Mjukuu alitupokea na baiskeli yake, akachukua mizigo. Mke wangu hakukaa hata kunywa maji. Aliingia jikoni, akatwaa mkaa katika jiko, akaushika ukuta kwa mkono wa kushoto ili ajue mwisho wake uko wapi, akaniambia nimsomee.

Nikamsomea: Ogier. Rovanperä. Evans. Katsuta. Akaandika kwa herufi kubwa, akauliza Rovanperä ina nukta ngapi juu ya herufi ya mwisho. Kisha nikamsomea walioharibikiwa, na kila mmoja akampiga mstari.

Bati la jikoni tulilibadili mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya asali. Fundi alitaka kupaka na ukuta chokaa kwa bei ile ile, nikamwambia aache.

Haya, mabwana na mabibi, saa yangu imekwisha. Kwaherini.